Uchongaji katika Shahada ya Uzamili: Kiswahili Kiko Wapi?

Mwanafunzi wa uzamili anayebobea katika fani ambayo kwa mazoea huitwa uchongaji hutarajiwa kutimiza mambo mawili. Kwanza, aunde kazi za sanaa kwa mikono yake mwenyewe. Pili, aandike maelezo ya kitaaluma kuhusu chimbuko la kazi hizo, malighafi na mbinu alizotumia. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, sehemu hii ya pili huandikwa kwa Kiingereza. Wapenzi wa Kiswahili wamelinyamazia jambo hili kwa muda mrefu, kana kwamba haliwahusu.

Hali hii ina historia. Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937. Gregory Maloba, Mkenya aliyeunda Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, alisoma na kufundisha huko kabla ya kuja Nairobi. Elkana Ong'esa, mzawa wa Kisii, naye alipitia Makerere, kisha akaenda Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, kwa masomo ya uzamili. Wasanii hawa waliipa Afrika Mashariki heshima kubwa. Hata hivyo, njia ya elimu waliyopitia ilikuwa ya Kiingereza, nayo haijabadilika hadi leo.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuimudu taaluma hii. Dai hilo halina mashiko. Darasani, mwanafunzi hufundishwa mbinu kuu nne: kupunguza malighafi, kuongeza, kumimina na kuunganisha. Kiswahili kina kitenzi kwa kila mojawapo. Apunguzaye huchonga, aongezaye udongo hufinyanga, amiminaye madini katika kalibu husubu, na aunganishaye vipande huunda. Aidha, zipo tezo, patasi, tupa na keekee. Hata msasa una kisa chake: ni jina la mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa na mafundi kulainishia mbao, kabla ya karatasi ya dukani kulirithi jina hilo.

Upungufu uliopo ni wa utafiti. Je, sanamu ya shaba iliyosubiwa yafaa kuitwa kazi ya uchongaji? Je, neno sanamu, ambalo hubeba maana ya mfano wa kitu, lafaa kwa kazi isiyofanana na chochote? Maswali haya yanamsubiri mwanaistilahi, wala mchongaji peke yake hawezi kuyajibu.

Yamkini patakuwa na pingamizi kwamba watahini wa nje hawatazielewa tasnifu za Kiswahili, na kwamba mwanafunzi atajifungia soko la kimataifa. Pingamizi hilo lina uzito, na si lazima tasnifu zote zigeuzwe kwa siku moja. Inatosha kuanza kwa kudai kila tasnifu ya fani hii iwe na ikisiri ya Kiswahili pamoja na faharasa ya istilahi, na mhadhiri wa Kiswahili ashirikishwe katika kuitathmini. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Vyuo vikuu havina sababu ya kubaki nyuma.

Kwa upande wao, wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya kufanya Tabaka kwenye mawe ya sabuni, Wamunyu kwa wachongaji wa Ukambani, na Lamu kwa mafundi wa milango ya nakshi. Istilahi zitakazopatikana kwa Ekegusii au Kikamba pale Kiswahili kinapopungukiwa ziazimwe bila haya, kwani ndivyo lugha hii ilivyokua tangu zamani.

Linalohatarishwa hapa si fahari ya lugha tu. Mtafiti huketi karakanani na fundi, akafunzwa kulitambua jiwe lenye ufa na ubao usiokauka, kisha akaondoka na ujuzi huo hadi kwenye kitabu ambacho huenda fundi huyo asiweze kukisoma wala kukisahihisha. Mafundi wazee wanapofariki, hufa pia maneno ambayo hayakuandikwa popote. Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Idara za Kiswahili na za sanaa zikutane sasa, wenye maneno hayo wakiwa bado hai.