SHAMBA NA NYUMBA: Majivu si ya kila mmea

Ni sisi tena, walimu wenu wa kujitolea. Mwezi huu tunaanza kwa kuomba msamaha.

Mnakumbuka miezi kadhaa iliyopita tuliandika habari za majivu ya jikoni. Tulisema ni mbolea ya bure, mwageni kwenye sukuma, kwenye maharage, kwenye migomba, "na mimea yote ya nyumbani". Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyotuletea aibu.

Kumbe gazeti letu linafika mbali. Nakala moja ilipanda basi na mgonjwa mpaka Kampala, ikaishia Mengo, kwa familia moja ya kwetu. Hao wanakaa kwenye muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja Mganda. Watoto wanamwita Jjajja. Mapatano yao ni haya: baba anapunguziwa shilingi elfu hamsini kwenye kodi ya kila mwezi, na kijana wake wa miaka 14 anatunza bustani. Kwenye bustani hiyo kuna ua moja ambalo Jjajja analipenda kuliko yote, azalea ya maua ya waridi, imepandwa kwenye chungu cha sementi mlangoni. Alipewa na binti yake siku alipoondoka kwenda Uingereza.

Kijana alisoma ukurasa wetu, akafurahi. Kila Jumamosi alimwaga kopo moja la majivu ya sigiri kwenye kile chungu. Baada ya wiki sita majani yakawa njano, mishipa tu ndiyo ilibaki kijani. Akaona mmea una njaa, akaongeza kinyesi cha kuku kibichi. Basi hapo ncha za majani zikaungua, zikawa kahawia, na vichomozo vya maua vikaanguka chini. Jjajja akamwambia baba: mwisho wa mwezi mtafute pengine.

Sisi habari tulizipata kwa simu. Kwa bahati tulikuwa tunamsindikiza mwanafunzi wetu mmoja kwenye matibabu ya macho Hospitali ya Mengo, ile iliyoanzishwa na daktari Albert Cook mwaka 1897. Tulipomaliza, tukashika barabara ya Kabakanjagala, ile inayotoka Bulange mpaka lango la Lubiri, tukaenda kuona wenyewe. Njiani hatukuongea sana. Mtu akifukuzwa nyumba kwa sababu ya maandishi yako, utamwambia nini?

Jjajja hasemi Kiswahili. Binti mdogo wa ile familia, wa darasa la nne, ndiye alitutafsiria. Alipiga magoti kwanza kama desturi ya Buganda, akasalimia, kisha akasema kwa Kiganda kwamba hawa ndio walimu walioandika gazeti, na wamekuja kusema kosa ni lao, si la kaka yangu. Jjajja alitutazama muda mrefu. Halafu akasema: kama mnajua kuua, mnajua na kuponya? Tukamwomba miezi miwili. Akakubali.

Sasa tueleze tulichopaswa kueleza tangu mwanzo.

Azalea ni ya ukoo mmoja na erika, ile miti ambayo ndugu zetu wa Kivu wanaiona kwenye miteremko ya Nyiragongo, na watu wa Kasese wanaiona Rwenzori, juu ya mita 3000, imefunikwa na kuvu la miti na ukungu. Ukoo huu kwa kawaida unapenda udongo mchachu, wenye majani yaliyooza, unyevunyevu, na usio na chakula kingi. Mizizi yake ni myembamba kama nywele, tena iko juujuu. Ni mmea uliozoea kula kidogo kidogo. Ukiupa sahani iliyojaa, unaungua.

Na majivu je? Majivu yana chokaa na potasi. Yanaondoa uchachu wa udongo. Kwa maharage na kabichi kwenye udongo uliochoka na kuchachuka, hiyo ni faida. Kwa azalea ni hasara, kwa sababu uchachu ukiondoka, chuma kilichomo kwenye udongo hakiyeyuki tena, mizizi haiwezi kukinywa. Mmea ukikosa chuma unafanya majani ya njano yenye mishipa ya kijani. Yaani chakula kipo mezani lakini mlango umefungwa. Hata chungu cha sementi kinachangia, maana sementi nayo inatoa chokaa kidogo kidogo kila unapomwagilia. Kinyesi cha kuku kibichi ni kikali kwa mmea wowote, na kikikutana na majivu kinatoa ile harufu ya kukaba pua, ambayo ni mbolea yenyewe inapotea hewani. Kwa hiyo hata kwenye sukuma yenu, msichanganye hivyo viwili siku moja.

Hivi ndivyo tulivyofanya na yule kijana:

1. Tulikwangua udongo wa juu wenye majivu na kinyesi, kwa mkono, taratibu, tusikate mizizi.

2. Tuliuhamisha mmea kutoka kwenye sementi, tukauweka kwenye beseni kuukuu la plastiki lililotobolewa matundu chini. Tulijaza udongo mweusi wa majani yaliyooza, uliochanganywa na mchanga kidogo. Hatukuupanda chini sana. Shina lilibaki usawa uleule wa zamani.

3. Tuliumwagilia maji ya mvua, mengi, mpaka yakatoka chini, mara tatu siku hiyo, ili kuosha chumvi iliyobaki.

4. Juu tulitandaza majani makavu ya msonobari, unene wa vidole viwili, bila kugusa shina. Hayo yanatunza unyevu, na yakioza yanalisha polepole.

5. Mbolea? Hapana. Hata kijiko. Mgonjwa wa tumbo hapewi pilau. Tulimwambia kijana asubiri mpaka aone majani mapya.

Majani mapya yalianza wiki ya saba. Hapo ndipo tulimwambia namna ya kulisha. Mbolea inayofaa ni salfeti ya amonia, kwa sababu inalisha na pia inarudisha uchachu. Maduka ya pembejeo ya Container Village pale mjini ni mahali pa kuulizia. Isipopatikana, NPK 17:17:17 inatosha. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai, kisichojaa mlima, kwenye maji lita 10, ikorogwe mpaka iyeyuke. Siku moja kabla, mwagilia maji matupu, maana mbolea kwenye udongo mkavu inachoma. Kisha mpe kopo moja la nusu lita, mara moja kila wiki tano au sita, wakati mmea unatoa majani. Ukishaona vichomozo vya maua vinavimba, acha. Ukimaliza kuchanua, ndipo uanze tena. Mmea uliohamishwa karibuni, uliokauka au unaoumwa, usiupe. Na mkienda dukani, msikubali CAN kwa ua hili, kwa sababu nayo ina chokaa.

Watu wengine hupenda kumwaga majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Hayana ubaya, yakitandazwa kidogo, bila sukari wala maziwa. Ila msitegemee yabadilishe udongo wenye majivu. Hayana nguvu hiyo.

Sasa matokeo. Azalea ya Jjajja haijapona yote. Tawi moja lilikufa, likakatwa. Maua bado. Lakini majani mapya ni ya kijani mpaka pembeni, na miezi miwili ilipokwisha Jjajja hakutaja tena habari ya kuhama. Baba anasema siku hizi yeye mwenyewe anamwita kijana asubuhi, wanasimama wawili kwenye beseni, wanahesabu majani mapya. Kodi imebaki ileile. Watoto wanalala palepale.

Wasomaji wetu, sisi tumejifunza mambo mawili. La kwanza, kabla ya kuupa mmea chakula, uliza kwanza unatoka wapi na kwao wanakula nini. Hata sisi wakimbizi tunajua uchungu wa kupewa chakula kisicho chetu na kuambiwa tushukuru. La pili ni la sisi waandishi: neno "yote" ni zito. Tulipoliandika hatukufikiria kuwa kuna mtoto wa miaka 14 atalishika kama agizo.

Kwa hiyo tafadhali, mwenye gazeti la ule mwezi, achukue kalamu afute "na mimea yote ya nyumbani". Aandike "sukuma, kabichi, maharage na migomba, kiganja kimoja kwa shina, mara mbili kwa msimu, basi". Na mwenye swali la bustani alilete shuleni kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Safari hii tutajibu baada ya kuuliza waliotutangulia.

Mwezi ujao tutaongea juu ya kulima mboga kwenye gunia. Mpaka hapo, tunawatakia kila la heri, na wa Mengo tunawaambia: msalimieni Jjajja.