Njia za baiskeli Ipagala zilindwe sasa

Njia za baiskeli zinazotoka kata ya Ipagala, jijini Dodoma, kwenda mashambani zipimwe na kulindwa kisheria sasa, kabla viwanja havijazimeza.

Mpango mkuu wa mji wa Dodoma wa mwaka 1976 uliwapa kipaumbele waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na mabasi. Wazo hilo lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, kata za pembezoni zimejaa nyumba, na vijia vya zamani vinazibwa ukuta baada ya ukuta. Kumfidia mwenye nyumba baadaye ni ghali kuliko kuweka bikoni leo.

Ugogo, yaani nchi ya Wagogo inayoizunguka Dodoma, pamoja na vilima vyake vya mawe, mibuyu na mashamba ya zabibu, unafaa sana kwa baiskeli za milimani na ungewavutia wageni wengi. Lakini wenye haki ya kwanza ni mkulima anayebeba mazao na mwanafunzi anayewahi shule. Njia yao ni hiyo hiyo.

Wenye dhamana ya ardhi na barabara waziingize njia hizi kwenye ramani za upimaji, na wasiidhinishe kiwanja chochote kinachozifunga.