AHADI YA NAFASI NI DENI

Mali ya umma si majengo, magari na mashine peke yake. Kumbukumbu za watumishi wa Serikali nazo ni mali ya umma, na siku hizi sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo imehama kutoka katika majalada na kuingia katika kompyuta. Mwalimu wa Kibuta, Wilaya ya Kisarawe, hujaza taarifa za utendaji wake katika mfumo wa PEPMIS, nazo hukaa katika hifadhi asiyoiona. Kwa hiyo namna hifadhi za Serikali zinavyogawiwa si jambo la mafundi pekee, linatuhusu sote.

Iko njia moja ya ugawaji inayotumika sana duniani. Ghala moja la diski hugawiwa katika mafungu ya dhahania, na kila idara huonyeshwa fungu kubwa kuliko nafasi iliyopo. Diski halisi haiguswi mpaka maandishi yaingie. Tuseme halmashauri ina ghala la terabaiti 40, na idara 5 zimeahidiwa terabaiti 20 kila moja. Ahadi zote ni terabaiti 100. Ikiwa idara hizo kwa pamoja zimetumia terabaiti 16 tu, umma umeepuka kununua mashine ambazo zingekaa tupu huku zikila umeme. Faida hiyo ni ya kweli, na si haki kuikataa njia hii moja kwa moja.

Hata hivyo, mkulima wa korosho analijua somo lililomo humu. Chini ya Sheria ya Stakabadhi za Mazao Ghalani ya mwaka 2005, stakabadhi hutolewa kwa mzigo uliopokelewa ghalani. Mafungu ya dhahania ni sawa na kutoa stakabadhi 100 kwa magunia 40. Siku ghala linapojaa, haumii yule aliyetumia kupita kiasi peke yake. Idara iliyotumia terabaiti 3 tu katika 20 zake nayo hukataliwa kuandika, ingawa kompyuta yake yaonyesha nafasi tele. Wala kufuta majalada si dawa ya haraka: nafasi iliyofutwa hairudi ghalani mpaka mfumo uamriwe kuirudisha, na nakala za siku zilizopita huweza kuendelea kuishikilia.

Mafundi wengi hutega kengele ilie ghala likifika asilimia 70. Kwetu sisi kiwango hicho chaweza kutuponza. Katika mfano wetu, asilimia 70 ni terabaiti 28, na zilizobaki ni 12. Matumizi yakiongezeka kwa terabaiti 1.5 kila mwezi, muda uliobaki ni miezi 8. Kengele ikilia mwishoni mwa Agosti, ghala litajaa mwishoni mwa Aprili, ilhali mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Hapana budi, basi, kengele ifuate kalenda ya bajeti yetu.

Mambo matatu yafaa yatendeke. Kwanza, kila taasisi iandike jumla ya nafasi iliyoahidi, nafasi halisi na kasi ya matumizi, na hesabu hiyo isomwe katika vikao vya bajeti. Pili, kumbukumbu za malipo na za wanafunzi zitengewe nafasi kamili tangu mwanzo. Tatu, awepo ofisa mmoja anayewajibika kwa ghala hilo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, ingefanya vema kuyatilia mkazo hayo. Nasi watumishi tuache kuhifadhi picha ile ile mara kumi.

Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 tumefundishwa kujitegemea, na anayejitegemea hujua alicho nacho kabla ya kukigawa. Ahadi ni deni. Na deni linalohusu umma sharti liandikwe, lihesabiwe na kulipwa kwa wakati.