Daftari la namba halitabiri mshindi

Huenda nyumbani kwako yumo kijana mwenye daftari lililojaa namba. Usiku huinamia simu yake akiandika: mbio za kwanza alishinda mbwa namba 4, za pili namba 1, za tatu namba 4 tena. Ukimuuliza, atakuambia anapiga hesabu ili atabiri mshindi wa mbio zijazo. Mbio zenyewe ni za kompyuta. Hakuna mbwa wala uwanja. Ni picha zinazokimbia kwenye kioo cha simu, na kila baada ya dakika chache mbio nyingine huanza. Wiki hii nataka kusema wazi kwamba daftari hilo halitabiri chochote, na kwamba aghalabu ni dalili ya ugonjwa.

Simdharau mtu anayependa takwimu, kwani sisi madaktari tunazitegemea. Hapa Garissa tunaikumbuka homa ya Bonde la Ufa iliyofuata mvua za El Nino mwishoni mwa 1997. Septemba 2006 wanasayansi waliopima joto la bahari walionya kwamba homa hiyo ingeweza kurudi Afrika Mashariki. Disemba mwaka huo iligunduliwa papa hapa Garissa. Utabiri huo uliwezekana kwa sababu jambo moja lilizaa jingine: bahari ilileta mvua, mvua ikajaza mabwawa, mbu wakazaana, wakaambukiza mifugo, nayo mifugo ikaambukiza wachungaji na wachinjaji.

Mbwa wa kompyuta hana mguu wa kuumia wala uchovu wa jana. Mshindi huchaguliwa na programu inayotoa namba kwa bahati nasibu, na kila mbio huanza upya bila kumbukumbu ya zilizotangulia. Namba 4 ikishindwa mara 20, haidaiwi ushindi mara ya 21. Kosa hili la kudhani bahati ina zamu ni la zamani. Mnamo Agosti 18, 1913, katika kasino ya Monte Carlo, rangi nyeusi ilitokea mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kuweka fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, wakapoteza fedha nyingi.

Sasa tupige hesabu ambayo daftari halionyeshi. Tuseme mbwa ni 6 na wote wana nafasi sawa. Malipo ya haki yangekuwa mara 6 ya dau, lakini mwenye mchezo analipa mara 5. Ukiweka shilingi 50 katika mbio 60, utakuwa umetoa shilingi 3,000. Kwa wastani utashinda mara 10 na kupokea shilingi 2,500. Shilingi 500 zimeenda, na ikiwa mbio huja kila dakika tatu, zimeenda kwa saa tatu tu. Hata viwango vya malipo vinapotofautiana kati ya mbwa na mbwa, fungu la mwenye mchezo limo ndani ya kila kiwango.

Kwa nini basi kijana haachi? Kwa sababu kukaribia kushinda humsisimua karibu sawa na kushinda, na daftari humpa imani kwamba yeye ni fundi wala si mcheza kamari. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliiweka kamari iliyokithiri katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Shirika la Afya Duniani nalo linaitambua kuwa ugonjwa katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022.

Jiulize maswali haya. Je, unaongeza dau ili upate msisimko uleule? Je, unarudi kucheza ili kufidia ulichopoteza? Je, unawadanganya jamaa zako kuhusu pesa? Je, unakasirika ukijaribu kuacha? Ukijibu ndiyo kwa baadhi ya haya, mwone daktari au mshauri.

Hapa kwetu kuna tatizo la ziada. Dini ya walio wengi inaharamisha kamari, na mafundisho hayo yamewakinga wengi. Lakini simu imeingiza kamari chumbani, na pesa zimo ndani ya simu hiyohiyo. Aliyenaswa huona aibu mara mbili. Huja kliniki akilalamika kichwa, tumbo au kukosa usingizi, asitaje mbio hata kidogo. Maoni yangu ni kwamba wahudumu wa afya tuulize swali hilo bila kumkemea mgonjwa, na viongozi wa dini wanapoikataza kamari, wawaelekeze pia walionaswa mahali pa kutibiwa. Sheria mpya ya kudhibiti kamari iliyotiwa saini mwaka 2025 ina kazi yake, lakini sheria haimtibu mtu.

Tiba ipo. Ushauri nasaha humsaidia mgonjwa kutambua fikra zinazompotosha, ikiwemo imani katika daftari lake. Aombe akaunti yake ya kamari ifungwe, na kwa muda pesa zake zishikwe na mtu anayemwamini. Wewe mzazi, usikimbilie kulipa madeni yote kabla hajaanza matibabu, kwani pesa hizo huenda zikaishia palepale. Na akisema maisha hayana maana tena, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, au upige simu 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ambayo hailipiwi.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Leo jioni, muulize kijana wako kuhusu daftari lake, na umsikilize kabla ya kumhukumu.