Ulimi Wangu Si Mali ya Ofisi

Tangazo la kazi lilisema wanatafuta mratibu wa kesi anayejua lugha mbili. Nikaelewa kwamba nitaratibu: kuwapigia mashahidi simu, kuwakumbusha tarehe, kuwatafutia usafiri, kuwaeleza kwamba samansi si hati ya kuwakamata. Mwezi haukuisha kabla sijajua ukweli. Waliponiajiri hawakuwa wanatafuta mratibu. Walikuwa wanatafuta ulimi, na ulimi huo wasiulipie.

Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na kwa saa ishirini kwa wiki nafanya kazi katika ofisi ya mwendesha mashtaka wa wilaya, katika mji mmoja wa Marekani wenye wakimbizi wengi wa Kongo. Wazazi wangu ni wa Kivu Kusini. Mimi nimekulia Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996. Kiswahili cha nyumbani ni cha Kivu. Cha Watanzania nilikiokota sokoni na redioni. Kwenye fomu ya ajira vyote viwili viliandikwa neno moja, "Kiswahili", na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Nitamwita Mama Furaha. Si jina lake, na mambo mengine nimeyabadilisha asitambulike. Usiku alipoita polisi, polisi walimtafutia mkalimani wa simu. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, kwa lafudhi yake, na sina shaka Kiswahili chake ni safi kuliko changu. Mama Furaha alisema: "Alinishika ku nguvu." Mkalimani akatafsiri alivyosikia, kwamba mwanamume yule alimkamata kwa kutumia nguvu. Polisi akaandika. Kosa likaandikwa shambulio dogo.

Mtu wa Kivu akisoma sentensi ile hahitaji maelezo. Kwetu, mwanamke akisema alishikwa ku nguvu, amesema amebakwa. Ndivyo mama zetu wanavyosema jambo hilo bila kulivua nguo mbele ya watu. Mama Furaha alilisema usiku ule ule, kwa sauti, mbele ya askari wawili. Hakuna aliyemsikia.

Mimi nilimsikia miezi mitatu baadaye, nikiwa nimevaa vidude vya masikioni mezani kwangu, nikilinganisha rekodi na karatasi. Nilikimbia kwa mwendesha mashtaka. Alinisikiliza vizuri, akaniomba nikae na Mama Furaha, nimuulize tena, niandike majibu kwa Kiingereza. Nikafanya. Nilijiona shujaa.

Wakili wa utetezi alipopata maandishi yangu aliuliza swali moja: nani anasema sentensi ile ina maana hiyo? Jibu lilikuwa mimi. Mimi ninayelipwa na upande wa mashtaka. Mimi niliyekuwa peke yangu na shahidi chumbani, bila rekodi, bila kiapo, bila cheti cha ukalimani, nikauliza maswali na kuyatafsiri mwenyewe. Kama kesi ingefika mbele ya baraza la wazee wa mahakama, ningeweza kuitwa kizimbani kama shahidi wa maneno ya mtu mwingine.

Nilimchukia wakili yule kwa wiki nzima. Kisha nikakubali kwamba alikuwa sahihi. Ningekuwa dada wa mshtakiwa, ningeuliza swali lile lile. Ukweli wa Mama Furaha ulipotea mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu hakuna aliyeujua, mara ya pili kwa sababu aliyeujua alikuwa mtu wa upande mmoja. Kesi iliisha kwa makubaliano ya kukiri kosa dogo.

Nikilalamika ofisini napewa majibu matatu.

La kwanza, hakuna bajeti. Lakini kuna bajeti ya wataalamu wa alama za vidole na wa simu zilizovunjwa. Simu ya mshtakiwa inatafutiwa mtaalamu. Maneno ya mwathirika anatafutiwa mwanafunzi wa saa ishirini. Hapo tatizo si umaskini. Ni kupanga kipi ni ushahidi na kipi ni kelele.

La pili, wewe ni bora kuliko kukosa. Kwa kupanga usafiri, ndiyo. Kwa ushahidi, hapana. Mkalimani mbaya anajulikana ni mbaya, anapingwa, anabadilishwa. Mfanyakazi wa ofisi anayetafsiri vizuri ni hatari zaidi, kwa sababu kila mtu anamwamini hadi siku anapohitajika kuaminiwa na upande wa pili.

La tatu ndilo linaloniuma: wewe ni mtu wao, wanakufungukia. Ni kweli. Mama Furaha huniita mwanangu. Ananiuliza kama nimekula. Hajui kwamba akiniambia jambo lolote linaloweza kumsaidia mshtakiwa, sina haki ya kulificha. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Brady dhidi ya Maryland, mwaka 1963, upande wa mashtaka unawajibika kuukabidhi utetezi ushahidi wa namna hiyo, na mimi ni sehemu ya upande huo. Sheria hiyo ni nzuri, siipingi. Ninachopinga ni kumketisha mama mbele ya binti wa kwao, amwage moyo wake, huku akidhani yuko jikoni na mtoto wa dada yake. Siku moja aliniambia, "Nimemsamehe." Niliganda. Kwetu kusamehe ni kuomba usingizi urudi. Si kusema jambo halikutokea. Ilibidi niripoti neno, kisha nianze kulitetea. Mkalimani huru angetafsiri na kunyamaza.

Tusidanganyane pia kwamba sheria imelimaliza jambo hili. Ipo sheria ya wakalimani wa mahakama ya mwaka 1978, lakini inahusu mahakama za shirikisho, na mtihani wa cheti wa mahakama hizo leo upo kwa Kihispania tu. Amri ya Rais Clinton ya mwaka 2000 kuhusu huduma kwa wasiojua Kiingereza ilifutwa Machi 2025. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 bado ipo. Na hata pale mahakama inapoleta mkalimani mwenye kiapo, kesi nyingi za jinai haziendi hadi ushahidi kusikilizwa. Zinaamuliwa kwa simu, koridoni, kwenye chumba chenye meza moja na boksi la tishu. Huko hakuna anayeapa.

Kwa hiyo nasema wazi. Mratibu aratibu, mkalimani akalimani, na wasiwe mtu mmoja. Mahojiano ya shahidi yarekodiwe kwa lugha yake, ili siku ya ubishi irudiwe sauti, si kumbukumbu yangu. Kabla ya kuleta mkalimani, aulizwe shahidi anatoka wapi: Uvira si Unguja. Na mama aambiwe tangu mlangoni, kwa lugha yake, mimi ni mfanyakazi wa nani.

Hilo la mwisho halihitaji bajeti, nimelianza mwenyewe. Wiki iliyopita alikuja mama mwingine. Aliposikia salamu yangu uso ukamfunguka, akavuta kiti karibu. Nikamwambia: mama, kabla hujaniambia kitu, ujue ninachokisikia kinaweza kufika hadi kwa wakili wa yule bwana. Akanitazama muda mrefu. Akarudisha kiti nyuma kidogo, akauliza kama kuna mtu mwingine wa kuongea naye.

Nikamwambia hakuna.