Desemba Haijaisha: Keti na Hesabu Zako



Kila mwisho wa Juni Wakenya hujazana kwenye saiba na vituo vya Huduma, kila mmoja aking'ang'ania kujaza ritani kabla saa sita ya usiku haijagonga. Tumezoea kuuita huo msimu wa ushuru. Lakini mwaka wa ushuru wa mtu binafsi huanza Januari 1 na kukoma Desemba 31, na ritani ya Juni hueleza tu yaliyokwisha kutendeka. Nafuu ambayo sheria ilikupa, nawe ukaiacha hadi Desemba ikapita, hakuna afisa wa Mamlaka ya Mapato (KRA) atakayekurudishia Juni. Ndiyo maana nakuomba, kabla hujapanda basi kwenda nyumbani kwa Krismasi, utenge jioni moja tu uketi na hesabu zako.

Anza na pensheni, maana hapo ndipo wengi wetu tunaacha pesa mezani kwa serikali. Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa pensheni usiotozwa ushuru uliongezwa kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi, yaani Sh360,000 kwa mwaka, mradi usizidi asilimia 30 ya mshahara wako. Makato ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) yamo ndani ya kiwango hicho. Tuseme mshahara wako ni Sh100,000 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima NSSF pamoja na mpango wa mwajiri wako vimechukua Sh150,000. Bado una nafasi ya Sh210,000. Ukiweka Sh50,000 tu katika mpango wa pensheni wa mtu binafsi uliosajiliwa na mamlaka ya mafao ya kustaafu (RBA), na pesa hizo zifike kabla mwaka haujafungwa, ushuru wako utapungua kwa Sh15,000, kwa kuwa sehemu hiyo ya mapato ingetozwa asilimia 30. Nafasi usiyoitumia mwaka huu haihamii mwaka ujao.

Hata hivyo, usikimbilie nafuu ukasahau Januari. Pesa za pensheni hazitoki upendavyo, na mwalimu mkuu hapokei cheti cha pensheni badala ya karo. Tenga kwanza karo, kodi ya nyumba na akiba ya dharura. Kitakachobaki, hata kikiwa Sh10,000, ndicho cha kupeleka.

Kisha kusanya vyeti. Anayelipa bima ya maisha, ya afya, au ya elimu inayokomaa baada ya miaka 10 au zaidi, ana haki ya nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Anayelipia mkopo wa nyumba anayoishi anaruhusiwa kuondoa riba ya hadi Sh360,000 kwa mwaka kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Haki hizi hazijileti zenyewe. Lazima uwe na cheti kutoka kwa kampuni ya bima au benki. Kiombe sasa, wakati ofisi hazijafungwa kwa likizo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa upande wa uwekezaji, tujifunze kuuliza swali moja kila tunapotajiwa faida: baada ya ushuru, kinabaki nini mkononi? Riba ya benki na ya hazina za uwekezaji wa pamoja hukatwa asilimia 15. Hati za dhamana za serikali za chini ya miaka 10 nazo hukatwa asilimia 15, na za miaka 10 kwenda juu asilimia 10. Riba ya hati za miundombinu haikatwi kitu. Hivyo hati ya miaka mitano inayotangaza asilimia 13 inakuachia asilimia 11.05, na ile ya miundombinu inayotangaza asilimia 12 inakuachia 12 kamili. Anayetazama tangazo pekee atachagua ya kwanza na kujipunja. Siku hizi huhitaji kupiga foleni Benki Kuu. Akaunti yake ya kununulia hati hizi, DhowCSD, hufunguliwa kwenye simu.

Wenye hisa katika Soko la Hisa la Nairobi wasiige kila wanachosikia kutoka ng'ambo. Marekani, wawekezaji wengi huuza hisa zilizoporomoka kabla ya mwaka kwisha ili hasara iwapunguzie ushuru. Kwetu faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa sokoni haitozwi ushuru, kwa hiyo hasara yake haikupunguzii chochote. Uza hisa kwa sababu kampuni imekukatisha tamaa, wala si kwa sababu ya kalenda. Aliyeuza shamba au ploti ndiye mwenye hesabu ya kufanya: tangu Januari 2023, faida hiyo, isipokuwa imesamehewa kisheria, hutozwa asilimia 15, kutoka asilimia 5 ya awali. Mkataba wa ununuzi, ada ya wakili na risiti za maboresho hupunguza faida inayotozwa. Ukizipoteza, utalipia faida ambayo hukuipata.

Wenye nyumba za kupangisha nao wasijifiche. Kodi ya nyumba inayozidi Sh288,000 kwa mwaka, yaani Sh24,000 kwa mwezi, hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kama umebaki nyuma, maliza deni kabla riba na adhabu hazijalifanya mlima. Barabara tunayopitia kwenda ushago hujengwa kwa pesa hizi, na anayelipa sawasawa ndiye mwenye uso wa kuuliza zimekwenda wapi.

Huu pia ni mwezi wa vyama vya akiba kuvunja vibubu. Kina mama na vijana wamechangishana tangu Januari, na sasa wanagawana. Naomba kila chama kijadili jambo moja kabla ya mgao: je, robo ya pesa hizi haiwezi kubaki kazini? Na mgeni akija na mpango wa kuzidisha pesa mara mbili katika majuma machache, muulizeni leseni yake, kisha muithibitishe kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, au kwa mamlaka ya sacco, SASRA, akisema anawakilisha sacco. Asiye na leseni mwonyesheni mlango, hata kama ni shemeji wa mwenyekiti.

Mwisho, tutakapoketi na wazee wetu, tuwaulize kwa heshima kuhusu mali yao. Wengi walinunua hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa Sh5 kila moja, wakabadilisha nambari za simu na anwani, na gawio likakosa mwenyewe. Gawio lisilodaiwa kwa miaka kadhaa hukabidhiwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, ambako mwenyewe au warithi wake wanaweza kulidai. Tuhakikishe pia kwamba jina la mrithi kwenye sacco na NSSF bado ni la mtu aliye hai. Mazungumzo hayo ya nusu saa yataepusha kesi za miaka mingi.

Ndugu zangu, sheria imetupa nafuu hizi sote, mwalimu wa Kakamega na muuguzi wa Malindi sawa na tajiri wa Muthaiga. Tofauti ni kwamba tajiri ana mhasibu wa kumkumbusha. Basi tukumbushane sisi kwa sisi: kazini, kanisani, msikitini na kwenye makundi ya WhatsApp. Lipa unachodaiwa, dai kilicho chako, na ufanye hivyo kabla ya Desemba 31.