Silaha za jadi hazikuwa mchezo

Katika mijadala ya walimu na wanafunzi hapa Cheptais, mara nyingi husikika dai kwamba vita vya kale vilikuwa vya heshima. Pande mbili zilikutana uwanjani, zikarushiana mikuki, akaanguka mmoja au wawili, na jioni kila upande ukarejea kwao. Mauaji ya halaiki, twaambiwa, yaliletwa na bunduki. Dai hilo latuliwaza, walakini halina msingi.

Mnamo mwaka 2012 wataalamu wa mambo ya kale waligundua mifupa ya watu wasiopungua 27 huko Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana. Watu hao walifariki yapata miaka 10,000 iliyopita, zama ambazo nchi hii haikujua chuma wala jembe. Mifupa ya watu 12 ilikutwa ingali imeungana kama walivyoanguka, na 10 kati yao wana dalili za kuuawa: mafuvu yaliyopondwa, mbavu, mikono na magoti yaliyovunjwa, shingo zilizochomwa mishale. Miongoni mwao yumo mwanamke mja mzito, na jinsi mikono yake ilivyolala yadhaniwa kwamba alikuwa amefungwa. Hawakuzikwa. Wapo wataalamu wanaobisha, wakisema baadhi ya mifupa huenda ilivunjika baadaye ikiwa ardhini. Sawa. Lakini katika fuvu moja limekwama jiwe jeusi la volkeno, lenye makali kama kioo, na jiwe la namna hiyo haliingii kichwani lenyewe.

Tena mfupa hausemi yote. Mshale uliopenya tumboni hauuachii mfupa alama yoyote, na majeruhi aliyeoza kidonda akafa baada ya siku kumi hahesabiwi na mchimbaji.

Hata hapa kwetu ushahidi upo. Joseph Thomson alipofika Mlima Elgon mwaka 1883 aliwakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Nani angelala na ng'ombe gizani kama mkuki ungekuwa mchezo? Na boma la Chetambe, karibu na Webuye, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Hobley mwaka 1895, ni la mtindo wa maboma ambayo watu hao walikuwa wakiyajenga kabla ya kuiona bunduki ya Mzungu. Handaki halichimbwi bure.

Ombi langu kwa walimu wa historia ni dogo. Mwanafunzi akishaorodhesha mkuki, upinde na rungu, na aulizwe kila kimoja kilimfanyaje mwili wa binadamu. Wakati wa ghasia za kikabila za miaka 1991 na 1992, mishale ilipowaua watu mlimani humu, tulizoea kuiita “silaha za jadi”, kana kwamba jina hilo lilipunguza damu.